Pumzi Isiyo Kwenye Orodha

Kompyuta ilivuta pumzi.

Mtu mwingine asingesikia. Wuryani alisikia kwa sababu pumzi zote za sauti ile alizikata yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, miezi minne iliyopita, kabla mama yake hajalazwa hospitali mjini Solo kwa upasuaji. Sentensi elfu moja na mia mbili. Mama alizisoma ndani ya stoo ya mpunga, magodoro yametundikwa kila upande ili jogoo wa jirani asisikike, na kila jioni Wuryani alikaa na kipanya chake akifuta kila mahali mama alipovuta hewa, kwa kuwa maelekezo ya programu yalitaka sauti tupu. Sasa ilikuwa Jumanne asubuhi. Mama ameandika "Naomba chai" kwa kibodi, na kabla ya kuisema hiyo chai, mashine ikavuta hewa kwanza, taratibu, kwa mdomo, kama mtu anayejiandaa kuimba.

"Mama, umeisikia hiyo?"

Mama akatikisa kichwa kukataa. Lakini hakumtazama binti yake machoni, na chai ilipoletwa hakuinywa.

Kwa miaka thelathini mama huyu, Bu Parsih, yaani Bibi Parsih, aliimba na gamelani, bendi za upatu na ngoma, kwenye harusi na maonyesho ya vikaragosi, kuanzia Klaten mpaka pwani ya kusini ya Java. Watu walikodi malori kumfuata. Halafu ugonjwa ukaingia kooni, daktari akaliondoa koo la sauti lote, na Bu Parsih akabaki anapumua kwa tundu la shingoni lililofunikwa kitambaa cheupe. Kilichobaki cha sauti yake kilikuwa ndani ya kompyuta. Anaandika, inasema. Na Jumamosi ile Ratri, binti wa mwisho, alikuwa anaolewa. Bibi harusi angepiga magoti mbele ya mama yake, na mama angemsemea maneno ya radhi na baraka. Baba yao alishafariki. Bila mashine ile, Ratri angepiga magoti mbele ya kimya.

Ndiyo maana Wuryani hakutaka kusikia habari ya pumzi. Alikuwa na siku nne.

Alikimbilia jukwaa la mafundi mtandaoni. Pale palikuwa na kanuni moja iliyobandikwa juu kwa herufi nyekundu: kabla hujauliza lolote, eleza mashine yako yote. Wuryani ni mwalimu wa hesabu, kila siku anawakata maksi watoto wasioonyesha njia, lakini siku hiyo kanuni aliiruka. Aliandika: "Programu ya sauti inavuta pumzi ambazo hazimo kwenye faili. Nifanyeje?"

Dakika nne hazijapita, jibu likaingia. "Orodha kwanza, dada. Mashine gani? Sisi si wapiga ramli." Aliyejibu alijiita Bisibisi Kutu, na kwa majibu elfu kumi na moja aliyokwisha kuyatoa pale, alijibu kama mwenye nyumba.

Akafuata mwingine, Kahawa Chungu. "Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Mara sita."

"Jaribu ya saba, ina baraka zake."

Wuryani akasonya peke yake, akachukua tochi, akaingia chini ya meza kusoma namba zilizobandikwa nyuma ya sanduku la mashine. Ndipo alipokiona. Kichupa cha dawa, kidogo kama kidole gumba, kimefungwa kitambaa cheupe na uzi, kimesukumwa nyuma kabisa, kati ya sanduku na ukuta. Fundo lile alilijua. Lilikuwa la mama, lile lile alilofungia hirizi zao walipokuwa wachanga.

Kwao mtoto hamuulizi mzazi kitu ambacho mzazi amekificha. Hata akiwa na miaka thelathini na minane, hata akiwa mwalimu. Unakiona, unageuza uso, na siku ya pili mnaongea habari za mvua. Wuryani akageuza uso. Kwanza hakina waya, alijiambia, hakihusiani.

Akatoka na vumbi kichwani, akaandika orodha yake: prosesa ya zamani ya viini viwili, kumbukumbu giga nne, diski nzima isiyo na kasoro, mfumo wa miaka kumi iliyopita, spika mbili za mbao za marehemu baba, kibodi ya herufi kubwa kwa ajili ya wazee, sanduku linalotekenya kidogo kwa umeme ukiligusa na mkono wenye maji.

"Afadhali," Bisibisi Kutu akajibu. "Kadi ya sauti umesahau. Na kuna nini kingine hapo kwenye mashine? Kila kitu, dada. Ukificha kimoja tunazunguka wiki nzima."

Aliandika jina la kadi ya sauti. Kisha akaandika: "Hakuna kingine."

Jumatano mashine ilisema bila kuandikiwa. Mama alikuwa uani anaanika kitambaa chake cha shingo. Wuryani alikuwa anasahihisha madaftari mezani, mgongo ameupa kompyuta, aliposikia ile pumzi, kisha sauti ya mama ikasema polepole: "Funga dirisha. Baridi inaingia shingoni."

Alifunga dirisha kabla hajafikiri. Mazoea ya kumtii mama. Halafu akageuka, akamwona mama kupitia mlango wa nyuma, mbali, mikono yote miwili juu ya kamba ya nguo.

Akafungua kumbukumbu za programu, mahali panapoandikwa kila neno lililotamkwa. Palikuwa patupu tangu asubuhi. Na chumbani palinuka poda, ile poda ya mchele ambayo mama alijipaka usoni kabla ya kupanda jukwaani, pamoja na maua ya kantili yaliyoanza kunyauka. Nyumba ile haikuwa na mti wa kantili.

Aliandika yote hayo jukwaani, kasoro harufu. Alishachoka kuchekwa.

"Weka faili za sauti hapa," akasema Kahawa Chungu. "Tuzijaribu kwenye mashine zetu. Zikipumua na huku, ubovu ni wa faili. Zisipopumua, ubovu ni wa mashine yako."

Maneno ya akili, kwa mara ya kwanza tangu jana. Wuryani akapakia kila kitu, sentensi zote elfu moja na mia mbili pamoja na ile sauti iliyotengenezwa kutokana nazo, akabonyeza kitufe kwa hasira. Haya, chukueni, semeni mnachokitaka. Akazima skrini akaenda kupika.

Alhamisi mvua ilinyesha mchana kutwa. Kuelekea magharibi ikakatika, na Ratri akaja na batiki ya harusi kumwonyesha mama. Akamkuta mama amesinzia kitini, akaketi kando ya kompyuta kusubiri. Wuryani alikuwa jikoni na vitunguu. Alisikia mdogo wake anacheka, kisha anajibu, "Mimi? Wala! Mama, si unajua mimi nikiimba hata mbuzi wanahama?" na kisu kikamsimama mkononi, kwa sababu aliyeuliza swali lile alikuwa ameuliza kwa sauti nzima, yenye pumzi, sauti ya mtu mwenye koo.

"Ratri, toka hapo!"

Alipofika mlangoni mama alikuwa ameamka, amesimama wima, mikono yake mitupu imeinuliwa mbele ya kifua kuonyesha kwamba hakuandika kitu, na Ratri alikuwa bado anatabasamu ameinamia spika za baba, na sauti ya Bu Parsih ilikuwa inamwambia, kwa upole, kwa ule upole wa mama anayemtoa mtoto mwiba, "Sogea, mwanangu, sogea hapa kwenye mwanga, fungua mdomo nione ndani, shingo yako nzuri, shingo yako haijakatwa," na Ratri, ambaye tangu utoto hajawahi kumkatalia mama yake jambo, akawa anafungua mdomo, polepole, macho yamelegea, wakati harufu ya kantili imejaa chumba mpaka inaumiza pua, na Wuryani akajitupa chini ya meza, akashika waya wa umeme, akauchomoa ukutani kwa nguvu zake zote, skrini ikafa, feni ikafa, taa ndogo ya kijani ikafa, na sauti ikaendelea.

"Mmm," ilisema. "Huyu anafaa."

Mama alimvuta Ratri kwa mkono mpaka nje, kwenye matope, bila viatu. Mama yule yule ambaye jana alihitaji kushikwa ili ashuke ngazi. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Wuryani alibaki chini ya meza na waya mkononi, anasoma Ayatul Kursi na kuikosea, anaanza tena na kuikosea, mpaka chumba kikanyamaza.

Ratri alipelekwa kulala kwa shangazi. Wuryani akachukua simu, akaandika jukwaani vidole vikiruka: "NIMECHOMOA WAYA. BADO INAONGEA. Nisaidieni!"

"Sasa ongeza jini kwenye orodha, dada," akajibu Kahawa Chungu. "Jini, toleo la pili, giga nane." Watu kumi na tisa wakacheka chini yake.

Alilia. Si kwa hofu, kwa hasira. Siku tatu amewaeleza watu namba za kila chuma kilichomo nyumbani mwake, amewajibu kwa adabu, na yuko pale pale alipoanzia. Alikuwa karibu kuirusha simu ukutani ilipoingia barua ya faragha kutoka kwa Bisibisi Kutu.

"Naomba jibu moja la kweli. Mwenye sauti alikuwa mwimbaji wa gamelani?"

"Ndiyo."

"Nipo Wonogiri. Nielekeze kwenu. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nakuja. Binti yeyote asikae peke yake na hiyo mashine."

Alikuja juu ya pikipiki chakavu, mzee mfupi mwenye mkoba wa vifaa kifuani. Jina lake lilikuwa Trimo, Pak Trimo kwa heshima ya umri.

"Wewe ndiye Bisibisi Kutu?" Wuryani akashangaa. "Nilidhani kijana."

"Na mimi nilidhani mwalimu anasoma kanuni," mzee akasema, akavua viatu.

Hakwenda kwenye kompyuta. Alikwenda kumsalimia Bu Parsih, akainama sana, akamweleza kwamba alikuwa fundi wa sauti wa redio na amewahi kumrekodi mwaka ambao mlima ulitapika majivu. Baba yake mzee huyo alikuwa mganga. Yeye alikimbilia bisibisi ili asiwe mganga.

"Bu Parsih, niwieni radhi," alisema kwa sauti ya chini. "Nimewarekodi waimbaji wengi. Wengi walikuwa na sindano za dhahabu chini ya ngozi, za waganga, za kuifanya sauti ivute watu. Wote tulijua, na hakuna aliyeuliza. Leo nauliza. Orodha yenu haikukamilika."

Mama alimtazama Wuryani. Na Wuryani, uso unamwaka, akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akatoka na kile kichupa, akakiweka juu ya kibodi.

"Nilikiona Jumanne, mama," alisema. "Niliona haya kukuuliza."

Mama akaomba karatasi. Aliandika kwa tabu, herufi zinakwenda mlama, na Pak Trimo akasoma kwa sauti. *Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Mtu wa mlimani alinitia mbili shingoni, akasema kuna atakayekaa humo aimbe pamoja nami. Daktari alizikuta, akanipa kwenye chupa. Yule mtu alishakufa, sikuwa na wa kumrudishia. Nikaziweka karibu na sauti ili zisilie.*

Ndani ya kichupa kitu kiligonga kioo, mara moja.

"Mlibomoa nyumba yake," Pak Trimo akasema, "kisha mkamjengea nyingine. Hizi nitazipeleka mtoni. Lakini haondoki kama nyumba ipo. Sauti ifutwe. Na afute mwenyewe mwenye sauti."

"Kesho ni harusi!" Wuryani akasimama. "Kesho, Pak! Siku nne naomba msaada, najaza namba, natukanwa, na msaada wenyewe ndio huu? Kufuta? Hata mimi ningefuta! Hii ndiyo sauti yake, hakuna nyingine duniani!"

Mzee akainama nyuma ya meza. Alichomeka waya, akawasha mashine. Mama akavuta kiti, akakaa, akashika kipanya.

Ile sauti ilijua. Skrini haijamaliza kuwaka na pumzi zikaanza, za haraka haraka, kisha maneno, yaliyonyofolewa kwenye sentensi za stoo ya mpunga, neno moja la furaha, neno moja la kuuliza bei, neno moja la kutangaza basi la kwenda Solo, yameunganishwa bila mshono, yakisema usinitoe nje, kuna baridi, nimekuimbia miaka thelathini, nani alikujua kabla yangu, na mama anaisogeza ile alama kwenye faili, inakwenda inarudi, na ghafla sauti ikatulia, ikavuta pumzi moja ndefu, ikaanza kusema radhi ya harusi. Yote, neno kwa neno, kwa sauti ya Bu Parsih wa miaka ile ya malori, laini na nzito, *Ratri mwanangu, niliyekubeba, niliyekunyonyesha, leo ninakuachia*, na Wuryani aliyekuwa na hasira hakuwa na hasira tena, alikuwa anatokwa na machozi na mkono wake umekwenda wenyewe kuushika mkono wa mama, "Mama, subiri, kesho tu, mama, mpaka kesho tu," na mama akamgeukia, machozi yanashuka mpaka kwenye kitambaa cha shingo, akautoa mkono wa binti yake taratibu, kidole kimoja kimoja.

Akabonyeza.

Neno lilikatika katikati. Kilichofuata kilikuwa sauti ya feni tu, na majani ya mgomba yanayosuguana nje. Harufu ya poda ikafifia mpaka ikabaki harufu ya vitunguu. Mama alijishika shingo, akapumua kwa tundu lake, akafumba macho.

"Nakala nyingine ipo?" Pak Trimo akauliza.

"Kwenye flashi." Wuryani akamkabidhi. Mzee akaivunja kwa koleo pale pale.

"Nyingine?"

"Hakuna nyingine," alisema, akijifuta pua kwa kiganja.

Mzee akazifunga sindano ndani ya chumvi, akakataa chakula, akaondoka kabla ya alasiri.

Jumamosi Ratri alipiga magoti, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na mama akaweka mikono yote miwili juu ya nywele zilizojaa yasmini. Hakukuwa na neno. Midomo yake ilikwenda, radhi nzima, na waliokaa karibu walisikia hewa tu ikitoka na kuingia kwenye kitambaa. Ratri alilia hadi wanja ukamharibikia usoni. Baadaye alimwambia dada yake kwamba alisikia kila kitu.

Jumatatu, baada ya vipindi, Wuryani aliingia jukwaani. Ni adabu ya pale: ukishasaidiwa, unarudi kuandika kwamba tatizo limekwisha ili wengine wajue. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa anatabasamu. Aliandika, "Limetatuliwa. Asanteni nyote, hasa Bisibisi Kutu," na alipotaka kutuma, macho yake yakashuka chini, kwenye kifurushi alichopakia Jumatano kwa hasira. Alikuwa amekisahau kabisa.

Pembeni yake paliandikwa: kimepakuliwa mara sitini na tatu.

Alibonyeza futa. Kikafutika. Namba ikabaki. Na chini yake kulikuwa na jibu jipya, lililoandikwa jana yake na mtu wa Makassar, ng'ambo ya bahari, asiyemjua, mtu makini, aliyefuata kanuni ya jukwaa kuliko yeye.

"Dada, pole na matatizo. Mashine yangu: prosesa ya viini vinne, kumbukumbu giga nane, diski mpya, kadi ya sauti iliyokuja na mashine, spika ndogo mbili. Vingine vilivyounganishwa: hakuna. Faili zako huku zinafanya kazi vizuri, na sauti ni nzuri mno, nyumba nzima tumeipenda. Nina swali moja tu. Kwa nini kila magharibi inamuuliza binti yangu kama anajua kuimba?"